Mchinjaji na Kuku wa Katoni

Kila nikipita mbele ya duka lile la kuku, hapa Kasongo, ninatema mate chini. Watoto wangu wananiambia, mama, unatutia haya, wewe ni mtu mzima. Basi waone haya! Ukutani pale wamebandika picha kubwa kama mlango wa kanisa: mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, kisu mkononi, anacheka meno yote nje. Chini yake wameandika kwa herufi nyekundu: "Amepitia kwa Mchinjaji." Wageni wanaoshuka kwenye pikipiki humtazama pale juu wakadhani wanamjua. Hawamjui. Mimi nimeuza mchele hatua ishirini kutoka mahali pake pa kazi tangu nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, na mtoto huyo leo ana wake. Mimi ndiye ninayemjua.

Jina alikuwa nalo kama kila mtu, lakini sokoni hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mchinjaji. Hata mke wake alimwita hivyo, akiwa amekasirika na akiwa amefurahi.

Mtu asiyetoka kwetu lazima aelezwe jambo moja, la sivyo hataelewa hasira yangu. Hapa nyumba zimechanganyika. Mimi ni Mkristo, nimezaliwa katika nyumba ya Kikristo. Binti yangu mkubwa ameolewa na Mwislamu wa Kabambare. Jirani yangu wa kulia huenda msikitini, wa kushoto anaimba kwaya. Mgeni hapigi hodi akakutajia dini yake kwanza. Kwa hiyo kuku wa nyumba ya Mkristo hachinjwi na Mkristo. Unamshika miguu, unampeleka kwa Mchinjaji, unarudi naye, unapika. Mgeni akishanawa anauliza kwa sauti ya chini, "Amepitia?" Nawe unajibu, "Amepitia," na mikono yote inaingia sahani moja. Imekwisha. Hakuna karatasi, hakuna muhuri. Ni kinywa chako tu, na mkono wa yule mzee nyuma ya soko.

Alifanyia kazi chini ya bati moja lililotoboka, karibu na wauza mawese. Alikuwa na jiwe la kunolea, bakuli la maji, na gunia kuukuu alilolitundika kama pazia. Kuku waliongoja walikaa upande huu wa gunia, kazi ilifanyika upande ule. "Munyama asione ya mwenzake," ndivyo alivyosema, na ole wake aliyelivuta gunia lile kuchungulia. Kisu alikificha ndani ya mkono wa kanzu mpaka dakika ya mwisho. Kila kuku alinyweshwa maji kwanza, hata foleni ikifika kwa wauza chumvi, hata mvua ikinyesha. Anashika kichwa kwa vidole viwili, anangoja kuku ameze, ndipo anaelekea Kibla.

Siku moja akaja mke wa mkubwa mmoja wa serikali na mabata kumi na mawili kwenye kikapu, jasho linamtoka, viatu virefu vimejaa tope.

"Baba, fanya mbio, wageni bako mezani!"

Mchinjaji akachukua jiwe, akaanza kunoa kisu polepole, akakijaribu kwenye ukucha, akanoa tena.

"Mama," akamwambia, "wageni bako na haraka. Bata hana haraka."

Soko zima likaangua kicheko. Mama yule alisimama pale mpaka bata wa kumi na mbili akanywa maji yake.

Wagonjwa hakuwagusa. Alimwangalia kuku machoni, akampuliza manyoya ya shingo, akamrudisha. Mimi mwenyewe alinirudisha mara moja, nilipompelekea kuku aliyekuwa anasinzia nikidhani hataona. "Mama Riziki, huyu amekwisha shika njia yake. Unataka nimusindikize?" Nilirudi na kuku wangu chini ya kwapa, wauza mawese wananizomea, na wageni wangu jioni ile walikula samaki.

Msidhani nawachorea malaika. Alikuwa mtu wa ulimi mchungu. Kwenye kisolo, bao letu la mbegu, alikuwa mwizi, tena mwizi asiyeona haya. Mbegu zilikuwa zinapotea ndani ya kiganja chake, na ukimshika anakukasirikia wewe. Mkesha wa Krismasi Wakristo tulipanga foleni na kuku wetu tangu asubuhi, naye alinung'unika mpaka saa sita: "Sikukuu ni yenu, mugongo ni wangu!" Lakini hakukosa Krismasi hata moja. Mwaka alioumwa na malaria alikuja akiwa amevaa koti la mvua juu ya kanzu, anatetemeka, anatutukana mmoja mmoja, anachinja.

Na alikuwa na ugonjwa mwingine, ndio uliomponza. Alipenda picha. Mzee yule ambaye hakumwamini mtu kwa kitu chochote, akiona kamera alikuwa anayeyuka. Kwenye harusi alijipenyeza mpaka mstari wa mbele, karibu na bibi arusi, hata kama hakualikwa. Chumbani kwake picha zake zilijaa ukuta mzima, na mkewe alisema, "Huyu akiona kamera anasahau njaa."

Sasa nije kwa hao wenye duka. Ni kampuni ya kuku wa kukaanga, ina maduka dunia nzima, huko Ulaya na huko Amerika, sijui wapi tena. Tulipowaona wanapaka rangi nyekundu jengo la zamani la mfanyabiashara wa pamba, tulicheka. Nani Kasongo atakula kuku aliyevalishwa unga? Mwanzo waliuza na mkate na viazi, na mchuzi wenye sukari. Watu waliingia mara moja kutazama taa, hawakurudi.

Basi wakaanza kujifunza, na lazima niseme ukweli, wanajua kujifunza. Wakaondoa mkate wakaweka bugali. Wakaleta sombe, majani yetu ya muhogo. Wakakaanga kwa mawese mpaka duka likanukia kama jiko la mama yangu. Wakaona tunakula kwa mkono, wakaweka birika na beseni mlangoni. Wakaona hakuna mtu wa huku anayekula peke yake kama mchawi, wakaacha visahani wakaleta ndoo. Wasichana wa kuuza wakavalishwa vitenge, wakafundishwa kusema karibu mama, karibu baba, wao ambao ni watoto wetu, wamefundishwa na mgeni kutukaribisha! Kila kitu chetu walikishika, wakakipaka rangi nyekundu, wakatuuzia. Na bado duka lilikuwa tupu. Hawakujua kwa nini.

Ndipo alipokuja yule dada kutoka Kinshasa, na kompyuta ndogo ya kushika mkononi. Kazi yake, alisema, ilikuwa kuuliza watu wanapenda nini. Akaja kuketi juu ya gunia langu la mchele. Akaniita mama. Akacheka kwa kila nilichosema, na mimi mjinga nikazidi kusema.

"Mama, watu wanasema chakula kitamu, lakini hawanunui. Kinakosa nini?"

"Hakijapitia kwa Mchinjaji," nikamwambia.

Nikamweleza yote. Habari ya wageni, habari ya sauti ya chini, neno tunalouliza na neno tunalojibu. Nikamwonyesha bati lenyewe kwa kidole. Alikuwa anaandika haraka haraka. Nilijisikia mtu mkubwa siku ile, nikarudi nyumbani nimejaa kama mwalimu. Mungu anisamehe, maana mimi mwenyewe nimeshindwa kujisamehe.

Walimwendea Mchinjaji na kamera. Hawakuhitaji kitu kingine. Walimwambia atakuwa mchinjaji wa duka, watu wote watamwona, wakampa mkataba kwa Kifaransa. Yeye anasoma Kiarabu, Kifaransa hakijui. Wakamweleza kwa Kiswahili yale waliyotaka kumweleza, akatia saini. Na katika akili yake, na katika akili ya mtu yeyote wa huku, mchinjaji wa duka maana yake ni nini? Maana yake kuku watakuja, wazima, miguu imefungwa, yeye atachinja. Hakuuliza. Ungeuliza nini? Alinoa visu vitatu. Alitafuta gunia jipya. Alipanda baiskeli mpaka Lusangi kuwaambia akina mama wafuge, soko limepatikana. Akina mama wa Lusangi wakajenga vibanda.

Picha ikapandishwa ukutani. Jumamosi ile duka lilijaa mpaka watu wakala wamesimama barabarani. Maneno ya ndani ya nyumba zetu, ambayo mama yangu alinifundisha kuyasema mgeni akiketi, yalikuwa pale juu, makubwa, mekundu. Nami nilipoyaona, nisiwadanganye, nilifurahi.

Wiki ileile wakwe zangu wakafika kutoka Kabambare bila kutuma habari. Barabara ilikuwa imeoza kwa mvua, walikuwa wamelala njiani, watu sita na pikipiki tatu, tope mpaka masikioni. Mbele yao mama wa mume wa binti yangu, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Sikuwa na kuku hata mmoja uani. Nikatuma ndoo dukani. Nikapakua kwenye sahani zangu mwenyewe, nikaweka wali wangu. Mkwe mwenzangu akanawa, akaniinamia.

"Amepitia?"

"Amepitia," nikajibu.

Wakala. Walikuwa na njaa, wakala mpaka mifupa.

Siku tatu baadaye Mchinjaji alikuja nyumbani kwangu. Hakuwahi kuja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na mimi sikuwahi kumwona bila kofia. Kichwa chake kilikuwa kidogo.

"Mama Riziki, mulikula kuku ya duka?"

"Tulikula."

"Si mimi niliyechinja."

Akanieleza. Picha ilipandishwa kabla hajaitwa kuchinja hata kuku mmoja; kisha lori la kampuni likafika kutoka mbali, limejaa katoni. Wakamwita, akaenda na visu vyake vitatu. Msimamizi akafungua katoni ya kwanza: kuku weupe, hawana vichwa, hawana miguu, wagumu kama mawe kwa baridi. Akaambiwa aweke mkono juu ya katoni, aseme maneno yake, wampige picha nyingine.

"Nikamuuliza, hawa balikufa zamani, nimuambie nani bismillahi? Akanionesha muhuri kwenye katoni. Akasema balichinjwa vizuri, huko kwao."

"Labda ni kweli," nikasema. Nilikuwa natafuta pa kutokea.

"Labda ni kweli kabisa. Labda huko iko muchinjaji mwema kunishinda. Simujui. Lakini ukutani iko mimi. Batu banakula juu yangu, na mukono wangu haukugusa."

Alikuwa amewataka waishushe picha. Wakamsomea saini yake. Picha ni mali ya duka, wakasema, na sauti yake pia kama wakiihitaji. Alijaribu kupanda mwenyewe kuing'oa, walinzi wakamshusha kwa mikono, taratibu, wakimwita baba. Kwa hiyo alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Aliwahesabu watu aliowaona dukani, akawauliza wengine, akapita kwa Waislamu na kwa Wakristo, akasimama katika kila mlango akasema maneno yaleyale. Mzee aliyemfanya mke wa mkubwa angoje mabata yanywe maji, sasa alikuwa anangoja kwenye milango ya watu. Nilipomwona vile damu ilinichemka, nikataka kwenda kuvunja vioo vyao vyote. Lakini kulikuwa na jambo lingine pia, nalo sikulisema. Sikusema ni nani aliyewaonyesha njia ya kwake.

"Na wakwe zako?" akauliza. "Balikula?"

Ningeweza kudanganya. Kabambare ni mbali. Hakuna mtu kule angejua kamwe.

"Walikula," nikasema. "Wamekwisha kurudi. Tuwaache."

"Wewe unaweza kunyamaza. Mimi siwezi, ni uso wangu uliowalisha."

Tulikwenda. Pikipiki mbili, yake na yangu. Aliogopa pikipiki kuliko moto wa jehanamu. Alimkumbatia dereva kwa mikono miwili, macho amefunga, na kila daraja la miti nilimsikia akisoma kwa sauti. Tulianguka mara mbili, tukasukuma mara nyingi. Tulipofika Kabambare mkwe mwenzangu alikuwa anamenya karanga uani. Alileta viti. Mchinjaji alikataa kuketi. Alisema yote akiwa wima, tope linamkauka kwenye kanzu, hakupunguza neno, hata habari ya kupenda picha aliisema.

Yule mama alisikiliza akimenya. Alipomaliza, akafuta mikono.

"Baba, wewe nimekusamehe kabla hujamaliza. Umedanganywa. Nasi tuliokula bila kujua, Mungu anatujua." Kisha akanigeukia. "Lakini mimi sikuona picha. Mimi nilimuuliza mkwe wangu, na mkwe wangu alinijibu. Ulimwona akichinja?"

"Hapana," nikasema.

"Basi ulinijibu nini?"

Mwaka uliofuata binti yangu alikuja kujifungulia kwangu. Siku ya kumpa mtoto jina, mkwe mwenzangu alifika Kasongo na chungu chake amekifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki. Akaweka mafiga yake kwenye kona ya ua wangu, akapika chakula chake, akakila. Hakunitukana. Alinipa heshima zote, alimbeba mjukuu, aliimba na wanawake. Alikula cha chungu chake. Binti yangu alitoka nje akilia ili watu wasimwone. Na siyo uani kwangu tu. Siku hizi harusi za hapa zina vyungu viwili, msiba una vyungu viwili, na vijana wanaona ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Ee! Kampuni ile inajisifu kwamba inatuheshimu, imejifunza mila zetu. Imejifunza, ndiyo. Mwizi naye hujifunza nyumba yako kabla ya kuingia.

Mchinjaji aliacha kuchinja. Hakuna aliyemkataza. Alisema kisu chake hakiwezi kusema kweli nyuma ya soko wakati uso wake unasema uongo barabarani. Chini ya bati lile sasa zinauzwa kadi za simu. Yeye akawa anakwenda kila siku mchana kusimama mlangoni pa duka, chini ya picha yake, akimwambia kila anayeingia, "Si mimi huyu. Sikuchinja." Mwanzo walinzi walimfukuza. Kisha akaja tena yule dada wa Kinshasa, nadhani ni akili yake, kwa sababu walinzi waliacha kumfukuza. Wakamletea kiti.

Kiti chekundu, cha plastiki, kina jina la kampuni mgongoni. Nilimkuta ameketi juu yake kiangazi hiki, nilipokuwa natoka kununua mkaa. Wageni wawili wenye kofia za jua walikuwa wanapiga picha, mzee wa chini na mzee wa juu pamoja, wanacheka kwa furaha. Naye alikuwa anawaambia kwa sauti iliyokwisha, "Si mimi, si mimi," nao hawajui Kiswahili, wakaitikia kwa kichwa.

Nilishikwa na hasira hata nikaona giza. Niliangusha mkaa. Nikakimbia mpaka mahali pangu, nikachukua kigoda ninachokalia kuuza mchele, nikarudi nacho.

"Inuka kwenye kiti chao!"

"Miguu inaniuma, Mama Riziki."

"Keti kwenye changu. Inuka!"

Akainuka kwa shida, nikamshika mkono. Kiti kile nikakipiga teke kikaingia mtaroni. Mlinzi alinitazama, akatazama pembeni. Ni mtoto wa dada yangu wa kanisani. Mchinjaji akaketi kwenye kigoda, magoti juu, akapumua. Na mimi nikachuchumaa mbele yake palepale barabarani, na maneno yakanitoka kabla sijayapanga.

"Mchinjaji, yule dada wa Kinshasa. Mimi ndiye niliyemwambia habari zako. Nilimweleza kila kitu. Nilimwonyesha kwa kidole."

"Ninajua," akasema. "Siku ya kwanza aliniambia, mama wa mchele ndiye ametutuma."

"Siku ya kwanza! Na miaka yote hii ukaja kununua mchele kwangu kila Ijumaa?"

"Muchele wako ulikuwa na kosa gani?"

Nililia. Siwezi kuficha, nililia kama aliyefiwa, watu wanapita.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa ninangoja useme." Akatazama barabara juu ya kichwa changu. "Sasa umesema. Lakini mimi nilikuwa ninajua. Muambie yule."

Nikageuka. Mwanamke mmoja alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, mwenye mtandio, sikumjua, labda wa kutoka vijiji vya huko chini. Alikuwa anawapangusa vumbi watoto wake watatu na kuutazama ukuta. Nilimwendea, nikamshika kiganja.

"Dada yangu, ngoja kwanza. Mimi naitwa Mama Riziki, nauza mchele pale. Mzee huyu hakuchinja kuku wa humu ndani, na hakumdanganya mtu. Aliyewapa wenye duka maneno yale ya ukutani ni mimi."

Aliniangalia. Akamwangalia Mchinjaji kwenye kigoda, akainua macho kwenye picha, akarudi kwangu, anataka kuelewa. Alikuwa na uso wa mtu mwema. Kisha akageuka kuwaita watoto wake, lakini walikuwa wamekwisha kuingia.